Kampuni Iliyopanda Treni

Marcelina hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa ofisi kwa kiganja, mlango ukaenda ukagonga ukuta, na vumbi lililokuwa limelala juu ya fremu tangu kampuni ifungwe likamwangukia Hilari kichwani.

Hilari alikuwa amekalia ngoma, maana viti vilikuwa vimeshachukuliwa.

"Karibu," alisema huku akijipangusa nywele. "Leo umependeza."

"Sikuja kupendeza. Nimekuja na baba."

Na kweli, nyuma yake ilisikika fimbo ikigonga ngazi. Mzee Dionis wa Usoke alikuwa amevaa koti la kanisani, ingawa siku haikuwa Jumapili, na kofia aliyokuwa haivui mpaka mbele ya padri. Alilima tumbaku tangu ujana wake, na watu wa huko walisema hata mizani ya ununuzi ilinyooka yenyewe ikimwona anakuja.

Hilari aliruka akasimama, ngoma ikabiringika mpaka ukutani.

"Mwangaluka, tata," alisema, kwa adabu zote za Lusu alikozaliwa.

"Sema Kiswahili," alijibu mzee. "Kinyamwezi naongea na watu wangu."

"Shikamoo, mzee."

Shikamoo ile ilibaki hewani bila mwenyewe. Marcelina alifurahi kuona haikupokelewa, kisha akajichukia kidogo kwa kufurahi, kisha akakumbuka kwamba amekuja kwa hasira, akaishika tena hasira yake kwa mikono miwili.

Hasira yenyewe ilikuwa na haki. Mwaka ule, Uhuru ukiwa bado mchanga na kila mwenye koti akitaka kuwa mwenye kampuni, alifika Tabora Mzaramo mmoja mcheshi aitwaye Yahaya, akafungua Njia ya Pembe. Kampuni hii haikuuza sukari wala khanga. Iliuza matembezi. Ukilipa, unapandishwa lori lenye viti vya mito mpaka Kwihara, halafu unaifuata njia ya zamani ya misafara, pori kwa pori, mpaka Ujiji ziwani. Mahema yanatangulia, ngoma zinapigwa, pilau inakusubiri kila kituo, na mizigo yako inabebwa na vijana wa kampuni, wewe huinui hata kofia.

Juu ya mlango palikuwa na kibao: BABU ALIBEBA, WEWE UBEBEWE.

Maneno yale aliyatunga Hilari, karani pekee wa kampuni, kijana aliyemaliza sekondari kwa alama nzuri na ulimi mrefu kuliko alama zenyewe. Na maneno yale ndiyo yaliyompata mzee Dionis. Babu yake aliipita njia ile na pembe ya ndovu begani, akarudi na kovu la mzigo ambalo Dionis alilishika kwa vidole vyake akiwa mtoto. Kuipita njia ileile akiwa amekaa kitini, anaimbiwa! Mzee alitoa fedha ya mavuno mazima. Akawatangazia watu wote wa Usoke. Akashona kaptula ya safari.

Aliyemleta mpaka mlangoni ni binti yake, Marcelina, mwalimu wa shule ya msingi mjini Tabora. Alimleta kwa sababu alikuwa anamwamini karani.

Kumwamini tu? Basi, tusimwaibishe. Alikuwa anampenda. Watu walishaanza kutaja hata jina la mshenga.

Halafu Yahaya akapanda treni, na kampuni ikapanda naye.

"Nimekwenda polisi," alisema Marcelina, akihesabu kwa vidole vilivyokuwa na chaki bado. "Wakasema Yahaya hayupo. Kana kwamba mimi nilikwenda kuwauliza kama yupo! Nimekwenda mahakamani, karani akaniambia kampuni ikifa, wanaanza wenye dhamana, wanafuata wafanyakazi, wateja wanakuja mwisho. Nimekwenda kwa Mzee Hamoud mwenye nyumba hii, akaniambia pole binti yangu, lori nimelifungia kwa kodi yangu ya miezi. Mwenye duka la mchele kachukua masufuria. Fundi mahema kachukua mahema. Sisi wateja tumeachiwa nini?"

Hilari alitazama chumbani. "Ngoma," alisema.

"Tuzipige?"

"Ile kubwa ina sauti nzuri."

"Hilari!"

"Samahani. Ulimi umezoea."

Mzee Dionis hakuketi, na pa kuketi hapakuwepo. Aliegemea fimbo yake kati ya chumba. "Mimi nilimtuma binti yangu akwambie neno moja. Alikwambia?"

"Aliniambia, mzee."

"Lirudie, nisikie kama lilifika zima."

"Kwamba fedha ikirudi leo, kabla ya treni ya Usoke, mshenga wangu atapewa kiti. Isiporudi, nisikanyage kwako."

"Lilifika zima," alisema mzee.

Marcelina alikuwa anatazama dirishani. Alikuwa ameapa njia nzima kwamba hatamtazama Hilari usoni, kwa sababu uso ule ulikuwa na tabia mbaya: ukiutazama sana, unasahau ulichokuja kudai. Kulikuwa na mwanya mdogo kwenye meno ya juu, na mwanya ule ulionekana hata mwenye nao akiwa na huzuni. Ni uonevu mtu kuwa na mwanya kama ule na bado akawa na makosa.

"Mwambie baba ulichofanya siku ile stesheni," alisema, bado akitazama nje. "Mwambie kwa kinywa chako. Mimi nimesikia kwa wapagazi."

"Selina..."

"Usiniite Selina. Naitwa Mwalimu Marcelina."

"Mwalimu Marcelina. Mzee." Hilari alishika mikono nyuma, kama mwanafunzi. "Siku ile Yahaya aliniambia anakwenda Dar es Salaam kununua mahema mapya. Nikamsindikiza."

"Sanduku alibeba nani?" aliuliza Marcelina.

"Mimi."

"Lilikuwa zito?"

"Sana."

"Hukujiuliza zito la nini?"

"Nilimuuliza! Akanijibu, 'Zito la hela zenu, Wanyamwezi.' Akapanda behewani, akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti stesheni nzima ikamsikia: 'Haya, nawaaga! Naondoka na hela zenu zote, nakwenda kuzila Dar es Salaam kwa samaki wa kukaanga! Anayetaka kulia alie sasa, treni haijaondoka!'"

"Na wewe?"

Hilari alijikuna kisogo.

"Na wewe ukafanya nini, Hilari?"

"Nikacheka."

"Ukacheka tu?"

"Nikampigia saluti."

Marcelina akageuka. Kiapo cha njia nzima kikaishia hapo. "Baba, unasikia? Mwizi anasema mimi mwizi, na huyu anampigia saluti! Na mwingine kamnunulia karanga za njiani! Stesheni nzima imekaa inamchekea!"

"Alikuwa mtani!" Hilari naye alipandisha sauti. "Ulitaka nifanye nini? Mzaramo na Mnyamwezi! Tangu babu zetu wanateremka pwani na mizigo, mtani anakuambia nakuibia, unacheka. Anakuambia mama yako kafa leo asubuhi, unacheka. Ukikasirika, aibu yako. Nani angemkamata mtani kwa neno alilolisema mwenyewe kwa sauti? Angesema 'mimi mwaminifu', hapo ningemshika shati!"

"Kwa hiyo kosa lake ni kusema kweli?"

"Kosa lake ni kusema kweli kwa utani. Hilo hata polisi hawakuliona, na walikuwepo pale, nao walicheka."

"Mimi sikucheka."

"Wewe hukuwepo."

"Ningekuwepo nisingecheka! Na kabla ya siku ile? Ulikaa naye ofisi moja mwaka mzima. Siku baba analeta fedha yake hapa, huyo mtani wako hakusema neno lolote la kumshtua mtu?"

Hapo Hilari aliacha kubishana.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Yahaya alizipokea noti za mzee, akazinusa, akafumba macho kwa raha. "Mzee, hizi zinanukia tumbaku," alisema. "Nitazila mwenyewe, sikubakizii hata ya kununulia ugoro." Na mzee Dionis, huyu huyu aliyesimama hapa na uso wa jiwe, alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho. "Kula, mtani," alimjibu. "Ukivimbiwa, tutakuzika bure."

Hilari alimtazama mzee. Mzee alikuwa anaitazama ngoma ukutani kwa makini sana, kama mtu anayetaka kuinunua. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kichwa cha fimbo, kinasugua, kinasugua.

"Alisema," Hilari alijibu.

"Alisema nini?"

"Kwamba atazila."

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Na ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ale, akivimbiwa nitamzika bure."

Marcelina alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na maji yale yalimkasirisha zaidi. "Basi sina la kuongeza. Baba, twende."

Lakini kidole cha mzee kilikuwa kimesimama. Mzee hakwenda. Alimgeukia Hilari polepole na kumtazama, na safari hii alimtazama kama mtu anayetazama jani la tumbaku asilolijua daraja lake.

"Fedha iko wapi?" aliuliza. Sauti yake haikuwa imelainika. Ilikuwa imeshuka tu.

Hilari aliingia chumba cha nyuma. Alirudi na mfuko wa kitambaa uliofungwa fundo, akaupokeza mzee kwa mikono miwili, ameinama. "Imetimia, mzee. Kampuni imerejesha."

Nje muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake.

"Kampuni?" Marcelina alisema. "Kampuni gani?"

"Njia ya Pembe."

"Hii iliyobaki na ngoma?"

"Kulikuwa na akiba."

"Akiba! Mwenye mchele kaondoka na masufuria yenye ukoko ndani, kumbe kulikuwa na akiba!" Alisogea hatua moja, kisha ya pili. Sasa walikuwa karibu kuliko ilivyofaa mbele ya baba, ila hakuna aliyeliona hilo isipokuwa baba. "Juma lililopita hukuwepo mjini. Nilikuja hapa kukutukana nikakuta kufuli. Jirani yako akaniambia umekwenda Lusu. Ulikwenda kufanya nini Lusu?"

"Kumsalimia mjomba."

"Mjomba hajambo?"

"Hajambo."

"Na ng'ombe wangu hawajambo?"

Ng'ombe wale Marcelina hakuwahi kuwaona, lakini aliwajua. Hilari alikuwa amewanunua mmoja mmoja kwa mshahara wa kampuni na kuwaacha kwa mjomba wake, na Jumamosi jioni, nyuma ya ua wa shule, alikuwa akimsimulia habari zao kama mtu anayesimulia ndugu zake. Yule mweusi mkorofi. Yule mwenye pembe moja, anayelala mbali na wenzake kwa maringo, "kama wewe." Ndio waliokuwa wapelekwe Usoke siku mshenga akikubaliwa.

"Nakuuliza, Hilari. Ng'ombe wako wapi?"

"Wamesafiri."

"Kama Yahaya?"

"Wao waliaga vizuri zaidi."

Kofi halikupigwa, lakini mkono uliinuka. Ulifika usawa wa bega ukasimama pale, kisha ukashuka wenyewe. "Umewauza," Marcelina alisema. "Umewapeleka mnadani ukawauza, halafu unakuja hapa kusema kampuni imerejesha. Baba, hiyo si fedha ya Yahaya. Hiyo ni mahari yangu!"

"Mahari si yako," alisema mzee Dionis kwa utulivu. "Mahari ni yangu."

"Baba!"

"Na fedha ya safari nayo ni yangu." Aliupima mfuko kiganjani. "Kwa hiyo kijana huyu ananilipa changu kwa changu. Nimekaa kwenye biashara ya tumbaku miaka yote, sijaona hesabu ya namna hii." Hakutabasamu. "Hilari. Mimi nimeupokea mfuko. Sasa nataka uniambie nimepokea nini. Uupe jina."

"Mzee..."

"Ukisema mahari, basi umetoa mahari, nami nitakaa na mshenga wako tuzungumze. Lakini fedha yangu ya safari itakuwa imepotea, na watu wa Usoke watanicheka mpaka nife, kwa kaptula ile. Ukisema marejesho, basi nimerejeshewa, mdomo wangu umefungwa. Na wewe utakuwa huna mahari. Kimoja. Sitaki maneno ya kibao."

Marcelina alimtazama Hilari. Macho yale makali yalikuwa yanasema kitu kilicho wazi kabisa, na kitu chenyewe kilikuwa neno moja, mahari, mahari, sema mahari, mjinga wewe. Baba yake angecheka siku zijazo. Watu wa Usoke wangechoka kucheka. Fedha ingelimwa upya msimu ujao.

Hilari aliyaona macho yale, akaelewa kila herufi. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, uso wake haukuwa na mzaha popote, hata kwenye mwanya.

"Marejesho," alisema.

"Nini?" Marcelina alinong'ona.

"Mimi ndiye niliyeandika maneno ya kibao, mzee. Uliyaamini kwa sababu ya babu yako. Nisingependa nikuoe... nimwoe binti yako, halafu kila ukinipokea nyumbani unakumbuka. Ni marejesho. Posa ihesabu haipo."

Mzee Dionis aliutia mfuko ndani ya koti na kulifunga kifungo.

"Marahaba," alisema.

Ilikuwa imechelewa mno, shikamoo yenyewe ilishapoa, lakini ilipokelewa. Mzee akaelekea mlangoni. Pale kizingitini akasema bila kugeuka: "Nakwenda kunywa kahawa pale kwa yule. Kahawa yake huwa ya moto. Siwezi kuinywa haraka."

Akausukuma mlango mpaka ukutani na kuuacha hivyo, ili barabara nzima ione ndani na mtu asije akasema neno. Kisha akaanza kushuka ngazi.

Marcelina alisubiri fimbo ifike chini.

"Nani alikupa ruhusa?" alisema. Hakupaza sauti, na ndiyo ikatisha zaidi.

"Ruhusa ya nini?"

"Kusema posa haipo. Nani alikupa ruhusa?"

"Posa ilikuwa yangu, nimeiondoa."

"Yako peke yako! Uliuza ng'ombe, hukuniuliza. Umeondoa posa, hukuniuliza. Na mimi nimesimama hapa, nakutazama hivi, mpaka macho yananiuma, na wewe unajifanya mtakatifu mbele ya baba yangu! Unajua nilivyokuwa nakuchukia nilipoingia mlango ule? Sasa ndiyo kabisa."

"Nilitaka mzee asiaibike."

"Na mimi je?"

Hilari alikwenda kuisimamisha ngoma iliyokuwa imebiringika.

"Haya. Fedha ya baba imerudi. Bado yangu."

"Yako? Wewe hukuilipa kampuni kitu, Sel... Mwalimu."

"Sikulipa? Jumamosi zangu zote za mwaka huu ziko wapi? Nani alisimama kwenye ule ua, anaumwa na mbu, anasikiliza habari za ng'ombe mwenye maringo? Nimecheka vichekesho vyako, Hilari, vichekesho ambavyo watoto wangu wa darasa la pili wangevikataa! Nimemkataa Alois mwenye pikipiki, na pikipiki yenyewe inawaka! Nimemwambia mama. Unajua maana ya kumwambia mama? Rudisha."

"Siwezi."

"Rudisha Jumamosi zangu."

"Selina, hizo hazirudi."

"Basi kama huwezi kurudisha," alisema Marcelina, na sauti yake ikakatika katikati, akaiunga kwa nguvu, "huna haki ya kufunga hesabu."

Nje treni ya mizigo ilipiga honi, mbwa wakabweka. Hilari alisimama na mikono mitupu, na kila neno zuri alilowahi kulitunga lilikuwa limemkimbia.

"Sina ng'ombe," alisema mwishowe.

"Nimeona."

"Sina kazi."

"Mimi si kipofu."

"Hata hizi ngoma, Mzee Hamoud anakuja kuzichukua kesho."

Mdomo wa Marcelina ulicheza upande mmoja. Aliung'ata ukatulia. Hakuwa amemsamehe, na hakutaka mtu yeyote, hasa huyu mwenye mwanya, adhani amemsamehe.

"Mvua zikikaribia baba anaanza kitalu cha miche," alisema huku akijifunga upya khanga ya begani, anaikaza kuliko ilivyohitaji. "Kaka zangu wako mgodini, mikono haitoshi. Zamani kijana asiye na mahari alikuwa anakwenda kulima kwa wakwe mpaka waseme basi. Sijui kama baba atakubali. Huenda akakufukuza kwa fimbo ile."

"Nikifika nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Wewe ukifungua kinywa ndipo mambo yanapoharibika. Nenda na jembe."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo nikuone unavyochubuka mikono. Nitacheka, na hiyo itakuwa mara ya kwanza kunichekesha kweli."

Akatoka bila kuaga. Alishuka ngazi mgongo umenyooka, akavuka barabara, akamkuta baba yake amekaa kwenye ubao wa muuza kahawa, kikombe mdomoni. Alipofika karibu aliona kikombe ni kikavu, na muuza kahawa alikuwa ameshakusanya vyombo vyake vyote, anasubiri hicho kimoja tu kwa uvumilivu.

Mzee alimtazama binti yake macho, yaliyokuwa mekundu, akayakwepa.

"Mmemalizana?"

"Bado, baba," alisema Marcelina. "Namdai."